Ukiuza gari kuukuu, chunga kauli yako

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangaliyaona matangazo ya magari kuukuu nchini hivi leo, naamini wangaliongeza kuwa kilichochakaa hutembezwa na maneno.

Wenye magari wengi, walimu wakiwemo, huona heri kuuza magari yao wenyewe kuliko kuyapeleka kwa dalali, ambaye sharti naye apate chake. Sina ugomvi na uamuzi huo. Hata hivyo, amwondoaye dalali hubaki peke yake kuwa mdhamini wa kila neno linalotamkwa.

Hebu tuyachunguze maneno yenyewe. Tangazo husema gari "limetunzwa vizuri". Kitenzi hiki kimo katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hatajwi. Limetunzwa na nani, na kwa muda gani? Tangazo jingine husema gari "halijawahi kupata ajali". Kiambishi "-ja-" hapa hubeba maisha yote ya gari hadi leo. Mtu aliyelinunua likiwa limepita katika mikono ya wengine watatu hawezi kuyatolea ushahidi maisha hayo. Anachoweza kusema kwa haki ni kuwa tangu alinunue halijapata ajali.

Namba nazo zina hadaa yake. Wakenya tumezoea kulipima gari kwa herufi zake, na lenye KD huonekana changa kuliko lenye KC. Ilhali herufi hizo hueleza gari lilisajiliwa lini Kenya, si lilitengenezwa lini. Sheria huruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo halijapita miaka minane. Kwa hiyo gari lililosajiliwa ng'ambo mwaka 2013 liliweza kuingia nchini mwaka 2020 na kupewa KD, hali jingine lililonunuliwa jipya Nairobi mwaka 2016 lina KC. Muuzaji mwungwana hutaja mwaka wa kutengenezwa kabla hajaulizwa.

Kuna atakayeniambia kuwa biashara ni biashara, na mnunuzi ana macho. Ni kweli kwamba sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa humtaka anayenunua kwa mtu binafsi ajihadhari mwenyewe. Lakini kunyamaza ni jambo moja, na kutamka uongo ni jambo jingine. Uongo uliomvuta mnunuzi waweza kuuvunja mkataba na kumfikisha muuzaji mahakamani.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika neno moja tu: jina. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humchukulia yule ambaye jina lake limo katika sajili kuwa ndiye mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo. Sheria iyo hiyo hukataza gari lililouzwa litumiwe barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mwenye gari mpya kusajiliwa. Aghalabu muuzaji hupokea fedha, akakabidhi ufunguo, akaenda zake. Gari hilo likimgonga mtu mwaka ujao, hati za mahakama zitabisha mlangoni pake. Aweza kujinasua, ila mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Siku hizi uhamishaji wa umiliki hufanywa kwenye mtandao wa serikali wa eCitizen. Muuzaji huuanzisha, mnunuzi akaukubali. Hilo lifanywe siku ya malipo. Pamoja nalo, waandikiane mkataba wenye tarehe, saa ya kukabidhiana, bei, namba ya fremu na ya injini, na kasoro zote zinazojulikana. Kasoro iliyoandikwa huenda ikapunguza bei, lakini humkinga aliyeiandika.

Sisi walimu huwafunza wanafunzi kuandika barua za mikataba na matangazo kwa ajili ya mtihani. Tuwafunze pia kuwa kuna siku watatia sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari lililouzwa bila daftari humrudia mwenyewe likiwa deni.