Video za Pemba zinasambaa, jina la Pemba linapotelea njiani

Mwishoni mwa mwaka 2013 picha za chumba kimoja cha kulala zilizunguka dunia. Kitanda kiko chini ya bahari, madirisha pande zote, na samaki wanapita nje kama wapita njia wanaochungulia dukani. Hakuna aliyehitaji maelezo. Mtu akiiona mara moja anajua anauziwa nini, na kinachofuata ni kumtumia rafiki yake.

Chumba hicho kipo Pemba, upande wa Kigomasha, kaskazini kabisa mwa kisiwa, na ni cha hoteli ya Manta Resort. Waliokibuni ni kampuni ya Genberg Underwater Hotels ya Sweden, inayotokana na kazi ya msanii Mikael Genberg, ambaye mwaka 2000 alikuwa tayari ameshaweka chumba cha aina hiyo ndani ya ziwa Mälaren, mjini Västerås. Cha Pemba kinaelea kiasi cha mita 250 kutoka ufukweni. Kina ngazi tatu, na sehemu ya kulala iko kama mita nne chini ya maji. Vyombo vya habari vya nje wakati ule vilitaja bei ya dola 1,500 kwa usiku mmoja kwa watu wawili.

Zaidi ya miaka kumi imepita na klipu za chumba hicho bado zinaibuka mitandaoni, kila mara kama vile ni habari mpya. Kwa mfanyabiashara hiyo ndiyo ndoto yenyewe: tangazo linalobebwa na watu bila kulipwa hata senti. Lakini soma maandishi yanayowekwa juu ya klipu hizo. Mara nyingi utakuta "Zanzibar", au "Tanzania", au "Afrika" basi. Pemba haitajwi, au imefichwa mstari wa mwisho.

Kwa kisiwa chenye watu 543,441 kwa sensa ya 2022, kinachojaribu kuuza utalii, mwani, asali na mafuta ya karafuu, hilo ni suala la pesa.

Kwa nini chumba kile kilisambaa

Wengi wanadhani video husambaa kwa bahati, au kwa kiki. Bahati ipo, na kiki zipo, ila kuna mambo yanayojulikana.

Mwaka 2012 watafiti Jonah Berger na Katherine Milkman walichapisha uchambuzi wa makala karibu 7,000 za gazeti la New York Times, wakitazama zipi watu walitumiana zaidi kwa barua pepe. Zilizotumwa sana ni zile zilizoamsha hisia kali: mshangao, hasira, wasiwasi. Za huzuni tupu hazikwenda mbali, kwani huzuni humfanya mtu atulie, wala haimsukumi kushika simu. Chumba cha chini ya bahari ni mshangao mtupu.

Jambo la pili ni kwamba hakina lugha. Mjapani, Mbrazili na mtu wa Wete wanaelewa kitu kimoja. Tanzania imeshaona nguvu hiyo kwa Kili Paul, kijana wa Kimasai ambaye mwishoni mwa 2021 alivuma kwa kufuatisha kwa midomo nyimbo za Kihindi akiwa amevaa shuka, nyuma yake ni malisho na mifugo. Februari 2022 ubalozi wa India ulimwalika na kumtunuku, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja yeye na dada yake Neema kwenye hotuba yake ya redio. Hakukuwa na kampuni ya matangazo nyuma yao. Umaarufu ulikuja kwanza, kazi zikafuata.

Tofauti yake na Royal Tour iko wazi. Filamu ile ya Rais Samia Suluhu Hassan na mwandishi Peter Greenberg ilizinduliwa New York Aprili 2022, kwa wageni waalikwa na nguvu yote ya dola. Ni njia halali, na nchi inaweza kuimudu. Kikundi cha akina mama ishirini wanaotengeneza sabuni ya mwani hakiwezi.

Ila nao wasidanganyike na neno "kusambaa kwenyewe". Utafiti mwingine, wa Sharad Goel na wenzake, ulifuatilia matukio karibu bilioni moja ya watu kusambaza vitu kwenye Twitter. Waligundua kuwa vitu vingi vinavyofika mbali havikwenda kwa mtu kumpa mtu, aliyempa mtu. Kuna mahali katikati ya safari mwenye wafuasi wengi alikirusha kwa mpigo mmoja. Hata chumba cha Kigomasha kilipitia magazeti na kurasa kubwa za nje. Kwa hiyo video ya Pemba inapaswa kuwa kitu ambacho mwenye ukurasa mkubwa atatamani kukichukua, na papo hapo iwe imejipanga kwa siku ambayo huyo mwenye ukurasa ataichukua bila kutaja mwenyewe ni nani.

Hapo ndipo jina linapopotea.

WhatsApp inabeba picha, haibebi mwenyewe

Duka la mtandaoni la muuzaji mdogo Pemba, kama ilivyo kwingineko Tanzania, aghalabu ni stetasi ya WhatsApp. Stetasi hufutika baada ya saa 24. Ikiwa nzuri, mtu ataipakua na kuifowadi kwenye kundi la familia, la skuli, la Wapemba walioko Dar es Salaam au Muscat. Video inafika. Nani aliyeitengeneza, anapatikana wapi, bei gani: hayo yamebaki kwenye maandishi ya chini, na maandishi hayasafiri na video kila mara.

WhatsApp yenyewe nayo imeweka breki. Tangu Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kufowadiwa mara nyingi hauwezi kutumwa zaidi ya kundi au mtu mmoja kwa wakati. Lengo lilikuwa kupunguza uzushi, na kampuni ilisema ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Lakini breki hiyo haichagui kati ya uzushi na sabuni. Video inayopendwa inafika mahali inakwenda polepole, na kila mkono inaopita unaipunguzia maelezo.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri: jina liwe ndani ya picha. Si kwenye maandishi ya chini, si kwenye alama ya reli. Liandikwe kwenye kifungashio kinachoshikwa mkononi, kwenye ndoo, kwenye ubao wa mashua, au litamkwe na mtu ndani ya sekunde za mwanzo. Anayetaka kulifuta itambidi afute bidhaa yenyewe.

Na jina lenyewe linahitaji msaada. Ukitafuta "Pemba" mtandaoni utaletewa pia mji wa Pemba wa Msumbiji, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado, ambao tangu 2017 umekuwa kwenye habari za vita. Mtalii wa Ulaya aliyesikia jina hili kwa mara ya kwanza anaweza kufunga ukurasa kwa hofu ya vita ambayo haiko Tanzania. "Kisiwa cha Pemba, Zanzibar" ni refu, lakini linaokoa.

Wakongwe wa Pemba hawatashangazwa na hili la jina. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar inatoka Pemba, na dunia nzima inazijua kama karafuu za Zanzibar. Simu janja zimeikuta hali hiyo zamani.

Nani anafaidi video ikivuma

Karafuu ndiyo yenye picha nzuri kuliko zote. Vikonyo vya kijani na wekundu vinaanikwa juu ya majamvi, vinageuka kahawia, na harufu karibu uione. Mgeni akipita msimu wa mavuno hasiti kutoa simu. Lakini video ya karafuu ikivuma leo, mkulima wa Mtambwe hatauza hata kilo moja zaidi kwa bei nzuri zaidi. Ununuzi wa karafuu uko mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na bei hupangwa. Anayeweza kunufaika na video hiyo ni ZSTC lenyewe na kiwanda cha mafuta cha Wawi, na hawa wanapaswa kuwa wapiga video hodari kuliko walivyo.

Mwani ni hadithi nyingine. Kilimo chake kilianza Zanzibar mwaka 1989, wakulima wengi ni wanawake, na Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mavuno. Mwani mkavu unauzwa kwa kilo kwa bei ndogo, unapakiwa, unakwenda nje kutolewa kitu cha kugandisha kinachotiwa kwenye vyakula na dawa ya meno. Mnunuzi ni kampuni, na kampuni haijali video. Mambo yanabadilika pale mwani unapogeuzwa sabuni, mafuta ya kupaka au unga, kwa sababu hapo mnunuzi ni mtu mwenye simu mkononi. Unguja, hasa Paje, wameliona hilo mapema. Pemba yenye mwani mwingi zaidi imekaa nyuma.

Na picha zipo tele. Maji ya bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapokauka mbali na mistari ya kamba inajitokeza: hiyo ndiyo ratiba ya kazi na ndiyo ratiba ya kupiga video pia. Anayekwenda siku ya maji mafu atarudi na picha ya maji tu. Wapo akina mama ambao hawataki nyuso zao zizunguke mitandaoni, na wana haki yao. Mikono inatosha. Mkono unafungua kamba, mkono unaanika, mkono unakata kipande cha sabuni, povu linatoka. Sekunde ishirini, bila neno, jina la kisiwa limechongwa kwenye sabuni.

Video ikikubali, mzigo uko wapi?

Mwaka 2012 kampuni changa ya nyembe Marekani, Dollar Shave Club, ilitoa video ya dakika moja na nusu iliyogharimu kama dola 4,500. Ndani ya siku mbili walipata oda 12,000, na tovuti yao ikazidiwa ikaanguka. Miaka minne baadaye Unilever ikainunua kampuni hiyo kwa dola bilioni moja. Wengi husimulia habari za video. Kinachosahaulika ni kwamba nyuma yake kulikuwa na mahali pa kulipia na njia ya kupeleka mzigo hadi mlangoni.

Sabuni ya Pemba ikipata oda 300 kutoka Dar es Salaam wiki hii, lazima ipande boti, iwe na alama ya Taasisi ya Viwango Zanzibar ili maduka yaipokee, na mteja awe na namba moja ya kulipia inayojibiwa. Kikundi chenye sabuni 40 ghalani kikitoa video inayovuma, kinatengeneza wateja 260 wenye hasira, na hasira, kama walivyosema kina Berger, husambaa vizuri sana. Hoteli ya Kigomasha haikupata tabu hiyo kwa sababu ilikuwa na chumba kimoja tu cha kuuza, na foleni ya kukisubiri ikawa sehemu ya mvuto wake. Anayeuza kidogo aseme tangu mwanzo kuwa ni kidogo. Hilo nalo huvuta.

Kuna hatari ambayo muuzaji hawezi kuidhibiti. Mtandao wa X ulifungwa Tanzania Mei 2025. Tangu siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29 mwaka huohuo, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na kila duka lililokuwa ndani ya simu likafungwa nayo, bila kujali lina watazamaji wangapi. Waliokuwa wameandika namba za wateja wao kwenye daftari walibaki na pa kuanzia. Waliotegemea inboksi ya Instagram walisubiri.