Kumfukuza Mtekaji Si Kurudishiwa Mateka

Katika nyumba nyingi siku hizi kompyuta moja hubeba kazi za watu wengi: alama za wanafunzi ambazo mwalimu amezikusanya muhula mzima, mazoezi ya mtoto aliye Kidato cha Nne, hesabu za duka, na picha za harusi. Yote hayo yaweza kutekwa kwa muda mfupi. Programu ya utekaji huingia kwa siri, hugeuza mafaili kuwa fumbo lisilosomeka, kisha huacha barua ya kudai kikomboleo. Mwenye kompyuta, kwa hofu, humwita fundi aondoe virusi, naye fundi huifuta diski yote na kuweka mfumo mpya. Kompyuta hupona, lakini kazi zimekwenda. Maoni yangu ni kwamba tumezoea kuchanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali, yaani kuiondoa programu na kuzirejesha kazi, na mchanganyo huo unatugharimu hata kile ambacho kingeweza kuokolewa.

Yafaa tuanze na historia. Mnamo Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwenda nchi mbalimbali, zikidaiwa kuwa na maelezo juu ya UKIMWI. Programu iliyokuwamo ilihesabu kila mara kompyuta ilipowashwa. Hesabu ilipofika 90 hivi, iliyaficha mafaili na kuyavuruga majina yake, kisha ikamtaka mwenye kompyuta apeleke dola 189 kwenye sanduku la posta nchini Panama. Wataalamu waliichambua programu hiyo, wakaona jinsi ya kuyarudisha majina, wakatoa dawa bure. Waliweza kwa sababu ufunguo uliofunga ndio uliofungua, nao ulikuwa umo humo humo ndani ya programu.

Mwaka 1996 Adam Young na Moti Yung, wataalamu wa elimu ya mafumbo, walionyesha kwamba mtekaji aweza kuuziba mwanya huo kwa kutumia funguo mbili: mmoja wa kufunga, ambao huja na programu, na mwingine wa kufungua, ambao hubaki kwake. Mwanafunzi wa hisabati hatashindwa kulielewa jambo hili. Kuzidisha 43 kwa 47 na kupata 2,021 ni kazi nyepesi. Aliyepewa 2,021 peke yake, akaulizwa imetokana na namba tasa zipi, atahangaika zaidi. Namba hizo zikiwa na mamia ya tarakimu, hata kompyuta zenye nguvu nyingi hushindwa. Ndiyo maana leo programu yaweza kuondolewa yote, na mafaili yakabaki yamefungwa vile vile.

Basi mtu ataitambuaje? Jamii moja iliyozikumba sana kompyuta za nyumbani huitwa STOP, nayo ilijitokeza mwaka 2018. Huingia hasa pamoja na programu za kulipiwa zilizovunjwa kufuli na kugawiwa bure. Inapofanya kazi yaweza kuonyesha dirisha la uongo linalodai kwamba mfumo unasasishwa. Baadaye majina ya mafaili huota mkia mpya, kama vile .djvu, na katika folda huonekana barua iitwayo _readme.txt. Barua hizo zilizoeleka kudai dola 980, au nusu yake kwa atakayewahi ndani ya saa 72. Hata hivyo, si kila kitisho ni utekaji. Ukurasa wa intaneti unaojaza kioo na kujifanya polisi wadai faini huenda usiwe umegusa chochote. Ikiwa ukiufunga mafaili yako yanafunguka kama kawaida, hukutekwa.

Ikithibitika kwamba umetekwa, fuata utaratibu. Kwanza, itenge kompyuta: kata intaneti, chomoa flashi na diski za nje. Pili, piga picha barua ile, na uhifadhi nakala yake pamoja na mafaili yaliyofungwa katika diski tupu ambayo haitatumika kwa kazi nyingine. Tatu, iondoe programu yenyewe kwa kuifuta diski ya kompyuta na kuweka mfumo upya. Ukirudisha kazi zako kabla ya hapo, zaweza kufungwa tena. Nne, badili maneno yako ya siri ukitumia chombo kingine kilicho salama, kwa kuwa baadhi ya programu za STOP zilifuatana na programu nyingine za kuiba siri hizo.

Hatua ya pili ndiyo inayorukwa mara nyingi, na mimi naisisitiza. Programu iitwayo CryptoLocker ilianza kuteka mwaka 2013. Mwaka uliofuata mtandao ulioisambaza ulivunjwa na vyombo vya dola vya nchi kadhaa, funguo zikapatikana, na waliotekwa wakafunguliwa bure. Tangu 2016 mpango wa No More Ransom, ulioanzishwa na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni mawili ya usalama wa kompyuta, umekuwa ukitoa vifunguzi bila malipo. Aliyeyatunza mafaili yake yaliyofungwa aweza kungoja siku kama hiyo. Aliyeyafuta hana cha kungojea.

Wako wasemao afadhali kulipa, kazi ya miaka isipotee. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Anayelipa hununua ahadi ya mhalifu, na fedha yake humtayarishia mtekaji safari ya kwenda kwa jirani.

Dawa ya kutegemewa ni ile iliyoandaliwa kabla ya ugonjwa: nakala ya kazi katika chombo ambacho, baada ya kunakili, huchomolewa na kuwekwa kando. Flashi inayobaki imechomekwa mchana kutwa hutekwa pamoja na kompyuta. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini nakala huoza: flashi hufa, faili huharibika. Kwa hiyo nakala lazima ifunguliwe na kukaguliwa mara kwa mara.

Najua flashi ina bei, na si kila mwanafunzi anaimudu. Kwa sababu hiyo nashauri shule zilibebe jambo hili. Kila shule yenye kompyuta iwe na diski moja ya nakala kabatini, na kila Ijumaa mwalimu na wanafunzi wake wanakili kazi za juma, waikague nakala, kisha wachomoe diski na kuifungia. Somo hilo halihitaji hata nusu saa. Siku barua ya mtekaji itakapofika, shule hiyo itapoteza kazi ya juma moja tu.