Mlinzi Aliyepofushwa

Rada ambayo kampuni ya BAE Systems ya Uingereza iliiuzia Tanzania mwanzoni mwa karne hii iliitwa Watchman, yaani Mlinzi. Mkristo anayesoma Biblia yake hawezi kulipita jina hilo hivi hivi. Katika Ezekieli 33, mlinzi ni mtu ambaye watu wa nchi wamemchagua awe macho yao. Akiuona upanga unakuja na asipige tarumbeta, damu ya watakaouawa itadaiwa mkononi mwake.

Basi na tuulize: ni nani aliyekuwa mlinzi wakati Mlinzi anauzwa?

Habari yenyewe inajulikana, ila tuna tabia ya kusahau upesi. Rada hiyo iligharimu pauni milioni 28. Mwaka 2001 serikali ilifuta ada za shule za msingi, na watoto wakafurika madarasani wakakuta hakuna madawati. Novemba mwaka huo huo Tanzania ilikamilisha masharti ya kusamehewa madeni kama nchi maskini yenye mzigo mkubwa. Desemba, mwezi mmoja tu baadaye, Uingereza ikatoa kibali cha rada kuuzwa. Benki ya Dunia ilisema bei ni kubwa mno. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilionya kwamba teknolojia yake imezeeka na haitoshelezi mahitaji ya ndege za abiria. Clare Short, waziri wa Uingereza aliyesimamia misaada ya maendeleo, aliipinga ndani ya serikali yake mwenyewe. Waziri Mkuu Tony Blair akairuhusu.

Ukweli ulitoka taratibu. Ilibainika kuwa zaidi ya dola milioni 12, karibu theluthi moja ya bei, zililipwa kwa dalali. Desemba 2010, mbele ya mahakama ya Southwark jijini London, kampuni ilikiri kosa la kutotunza hesabu sahihi za malipo hayo, ikatozwa faini ya pauni 500,000. Haikushtakiwa kwa rushwa, ila jaji alisema ni ujinga mkubwa kuamini kwamba dalali yule alilipwa fedha zote hizo kwa kazi ya ushawishi tu. Kampuni ilikubali pia kuwarudishia Watanzania pauni milioni 29.5, nazo zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Madawati yale yale! Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2002 akikaa sakafuni alikuwa amekwisha kumaliza darasa la saba fedha hizo zilipofika mwaka 2012. Hapa nyumbani hakuna aliyetiwa hatiani kwa rushwa ya rada. Kilichobaki midomoni mwetu ni neno la utani, "vijisenti".

Rada hufanya kazi kwa kurusha mawimbi ya redio angani na kusikiliza mwangwi wake. Wimbi likigonga ndege hurudi, na mashine hujua iko wapi na umbali gani. Huona usiku, huona ndani ya mawingu. Lakini haiwezi kugeuka ikamwona aliyeileta. Kikulacho ki nguoni mwako, na rada haitazami nguoni. Sheria ya Musa, katika Kutoka 23:8, ilikwisha kutuonya kwamba rushwa humpofusha hata mwenye macho mazuri. Tulinunua macho kwa njia iliyotupofusha.

Wapo watakaosema hayo ni ya zamani, tuyaache. Ningeyaacha kama biashara yenyewe ingekuwa imekwisha. Imekua. Tangu vita ya Ukraine ilipopamba moto mwaka 2022, mataifa yanagombania vifaa vya kulinda anga. Ile rada ya sinia linalozunguka inaachia nafasi rada za bapa zisizozunguka, zenye maelfu ya vinasa vidogo vinavyoelekeza mawimbi kwa umeme. Vinasa vya kisasa vinahitaji madini ya galiamu, na mwaka 2023 China, mzalishaji wake mkubwa kuliko wote, iliyawekea masharti ya kuuzwa nje. Tena imekuja shida ya droni: vyombo vidogo, vya bei ndogo, virukavyo chini na polepole, ambavyo rada nyingi za zamani hazivitofautishi na ndege mwitu. Kila jeshi linaambiwa kwamba kilichopo kimepitwa na wakati. Wauzaji ni wachache, bei haziwekwi ukutani kama za duka, na moyo wa mashine ni programu ambayo mwenye kiwanda huifunga. Ukinunua leo, utamlipa mtu yule yule vipuri na matengenezo kwa miaka ishirini. Hofu iko juu, ushindani mdogo, siri nyingi. Dalali anataka nini tena?

Sisemi nchi isijilinde. Nehemia alisali na akaweka walinzi usiku na mchana, hakuchagua kimoja. Lakini fungua sura inayofuata. Katika sura ya tano mlinzi huyo huyo anawakemea wakubwa waliokuwa wakiwakamua maskini, na yeye mwenyewe anakataa posho ya liwali kwa sababu watu wamelemewa. Nehemia hakuona kwamba ukuta ukijengwa, basi walioko ndani ya ukuta wanyonywe. Kwake ilikuwa kazi moja.

Ndipo nafika kwa wale wanaosema kanisa lisitie mguu katika mambo ya jeshi, kwamba hayo ni siri ya taifa. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji, katika Luka 3:14, hakuwafundisha kupigana wala hakuwaambia watupe silaha. Aliwaambia habari ya fedha: wasimnyang'anye mtu, waridhike na mshahara wao. Huyo ndiye kielelezo chetu. Mahali rada inapoelekea, umbali inaoona, udhaifu wake, hiyo ni siri ya jeshi na ibaki siri. Bei yake si siri ya jeshi. Jina la dalali si siri ya jeshi. Adui hapati lolote akijua kwamba kamisheni ni theluthi ya mkataba. Anayepata hasara kwa kutojua ni mwananchi. Siri iliyowekwa ili kumlinda mwananchi isigeuzwe pazia la kumwibia.

Wala haiwi lazima iwe hivyo. Mwaka 2017 Tanzania iliagiza kwa kampuni ya Thales ya Ufaransa rada nne za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa takriban shilingi bilioni 67. Najua si mashine za aina moja wala za wakati mmoja. Lakini bei ilitangazwa, na mwananchi wa kawaida akaweza kufanya hesabu mwenyewe: nne zilikuja kwa fedha pungufu ya zile zilizolipwa kwa moja.

Sasa niseme la ndani. Sisi wa makanisani tuliimba wakati ule? Tulipiga tarumbeta? Walioonya walikuwa waandishi wa habari, wabunge wachache na mabenki ya nje. Mimbara ilikuwa na kazi ya kukemea pombe na mavazi. Na hata leo mtu akija kwenye harambee ya jengo na bahasha nene, hatuulizi imetoka wapi. Tunampa kiti cha mbele, tunampigia makofi, tunamwombea kibali zaidi. Kisha tunashangaa vijana wetu wanapokua wakiamini kwamba penye udhia penyeza rupia ni hekima ya wazee. Tumewafundisha wenyewe, tena Jumapili.

Askofu, mchungaji, mzee wa kanisa: siku serikali itakapotangaza ununuzi mwingine wa ulinzi, maswali matatu yanatosha. Nani ameshindanishwa na nani? Nani analipwa katikati, na kiasi gani? Baada ya kununua, tutamlipa nani kila mwaka? Yaulizwe kwa heshima, kwa barua yenye mhuri wa kanisa, na majibu yasomwe mbele ya waumini. Hakuna hata moja linalomfaa adui.

Mungu hakuiambia mashine kwamba ataidai damu. Alimwambia mtu aliyewekwa ukutani, naye mtu huyo alikuwa na macho na tarumbeta. Kanisa nalo limepewa vyote viwili.