Karanga Zimekosa Nini?

Siku hizi kila baada ya sala ya alasiri tunawaona vijana wetu hapa Buyenzi wakitafuna vile vipande vya protini vya kwenye karatasi za kung'aa, eti vinajenga mwili. Tunauliza: karanga zimekosa nini? Gramu 100 za karanga zina protini gramu 25 hivi. Yai moja, gramu 6. Vipande vingi vina sukari tele, na vingine vina jelatini, ambayo huweza kuwa ya nguruwe. Nani kati yetu amesoma karatasi kabla ya kumpa mwanawe pesa? Kula kila siku kitu chenye shaka si maendeleo. Tuwafungie karanga na yai, wapige bismillahi wakiwa na yakini.