Obokano Isiyo na Tarehe

Msomaji kijana, nina ugomvi nawe, na naona afadhali niutoe hadharani kuliko kuufunika kwa maneno ya adabu.

Mwezi mmoja wa Septemba nilifika katika shule ya sekondari upande wa Nyamira kuonana na mwalimu rafiki yangu. Mvua ya alasiri ilikuwa imekwisha kuanza, basi nikaingia maktabani nipate kujisitiri. Ukutani palibandikwa karatasi pana, imeandikwa kwa wino mwekundu na mkono mzuri: Kumbukumbu za Vuli katika Muziki wa Roki. Chini yake tarehe zilisimama safu safu kama askari katika gwaride. Tarehe 18 Septemba 1970, kufa kwa Jimi Hendrix mjini London. Tarehe 26 Septemba 1969, kutolewa kwa Abbey Road, santuri ya Beatles. Tarehe 4 Oktoba 1970, kufa kwa Janis Joplin. Tarehe 5 Oktoba 1962, wimbo wa Love Me Do. Tarehe 31 Oktoba 1975, Bohemian Rhapsody ya kundi la Queen. Tarehe 8 Novemba 1971, santuri kubwa ya nne ya Led Zeppelin. Nilizikagua moja moja kwa nia mbaya ya mtu anayetafuta kosa, wala sikuliona.

Aliyeiandika karatasi ile alikuwa kijana wa kidato cha tatu, mwenye heshima na akili nyepesi. Nikamsifu. Kisha nikamwuliza, "Mwanangu, katika kata yenu ni nani apigaye obokano?" Akatabasamu, akatazama sakafu, akasema, "Mzee, hiyo ni mambo ya zamani." Nikamwuliza zamani ipi. Hakuwa na jibu. Mtu huyu aliyejua siku ya kufa kwa Hendrix, ambaye hakupata kumwona wala kukanyaga nchi yake, hakuweza kunipa hata mwaka mmoja wa muziki wa babu zake.

Kwanza nakuuliza, vuli hiyo ni ya nani? Katika Kiswahili vuli ni mvua fupi za mwisho wa mwaka. Watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini wana majira yao kati ya Septemba na Novemba, ambapo miti hupukutisha majani na baridi huanza kubisha hodi, nasi kwa kukosa neno la karibu tumeyaita majira hayo vuli pia. Lakini toka nje ya darasa lako uangalie. Kutoka Keroka hadi Kebirigo mashamba ya chai ni ya kijani Oktoba kama yalivyokuwa Aprili. Migomba ya Kisii haijui kupukutika. Hapa kwetu hupukutika watu, na nyimbo zao huenda nao.

Usinidhanie kuwa adui wa roki. Gitaa la umeme linaponguruma hata mimi mguu wangu hutikisika chini ya meza. Wala roki si ngeni kabisa kwetu. Mwimbaji wa ile Bohemian Rhapsody, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, na jamaa yake walihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya mapinduzi. Alikufa tarehe 24 Novemba 1991. Mwaka 2006 watu fulani Zanzibar walitaka kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake. Kikundi cha dini kikapinga, na karamu iliyokusudiwa ufukweni ikavunjwa. Mwaka 2019 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho yake katika Mji Mkongwe. Sitaki kuingia katika mabishano yale. Nataka uone jambo moja tu, kwamba Wazanzibari waligombana juu ya tarehe waliyokuwa nayo. Sisi wa Gusii hatuna hata cha kugombania.

Tena roki imechota kisimani mwetu. Daudi Kabaka wa Kenya alitunga Helule Helule, na mwaka 1968 kundi la Kiingereza liitwalo The Tremeloes liliuimba wimbo huo, ukapanda hadi nafasi ya 14 katika orodha ya Uingereza. Hao Tremeloes ndio waliochaguliwa na kampuni ya Decca baada ya majaribio ya mwanzo wa mwaka 1962, siku ile ile Beatles walipojaribiwa wakakataliwa. Huo ni mkasa wa kukumbukwa. Mbona haukuwamo katika karatasi ya wino mwekundu? Kwa sababu karatasi ile ilinakiliwa kutoka kwa watu wasiomjua Kabaka, na mnakili hunakili pia usahaulifu wa mwenziwe.

Hapa ndipo penye shina la maneno yangu. Tarehe haioti kama uyoga baada ya mvua. Ni kazi ya mikono. Love Me Do ina tarehe kwa kuwa karani wa kampuni aliandika daftarini siku sauti ilipotiwa katika santuri, mpiga chapa akatia namba katika kibandiko, gazeti likatangaza, na msichana mmoja wa Liverpool akaiweka risiti yake. Mwadhimishaji wa leo amekuta meza imekwisha andaliwa. Ukuu wa wimbo na kuandikwa kwa wimbo ni mambo mawili, nasi tumeyachanganya, tukadhani ya kuwa kisichoandikwa hakikuwa kikuu.

Basi tuitazame obokano. Ni kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi 8. Bakuli lake ni la mti, limewambwa ngozi ya ng'ombe. Mikono miwili hutoka humo na kubeba mti wa kukingama, na nyuzi hufungwa juu yake zikazwe au zilegezwe. Zamani zilikuwa kano za mnyama. Siku hizi ni uzi wa nailoni, ule wa wavuvi. Nyatiti ya jirani zetu Wajaluo nayo ina nyuzi 8, lakini ni ndogo zaidi, na sauti yake iko juu. Obokano huvuma chini kabisa, mvumo mzito wenye mkwaruzo, ambao wataalamu wa Kizungu waliufananisha na ule wa fidla kubwa kupita zote katika okestra. Vijana wa Ulaya walinunua mitambo ya umeme ili gitaa zao zipate mkwaruzo kama huo. Mzee wa Nyamira aliupata kwa ngozi na mti.

Ulinganishe na nyatiti uone kalamu ifanyavyo kazi. Mwaka 1993 Ayub Ogada, Mjaluo, alitoa santuri yake En Mana Kuoyo katika kampuni ya Real World, ambayo ni ya Peter Gabriel, mwanaroki wa Uingereza. Mwaka 2005 wimbo wake Kothbiro ukasikika katika filamu ya The Constant Gardener. Leo mtu wa Tokyo aweza kuadhimisha nyatiti kwa mwaka na kwa jina. Je, nyatiti ni bora kuliko obokano? Hapana mwenye masikio atakayesema hivyo. Nyatiti ilipata karani.

Najua utasema kosa si lako. Utasema wamisionari waliofika Gusii mwanzoni mwa karne ya 20 waliihesabu ngoma na pombe kuwa kitu kimoja, wakawafundisha waumini kuviona vyombo vya asili kama masalio ya giza. Ni kweli, na lawama yao waichukue. Lakini nchi hii ilipata uhuru mwaka 1963. Tangu hapo ni nani aliyetuzuia kuandika? Kule Kericho, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Nyamira, familia ya Chandarana ilianzisha kampuni ya santuri, ikanasa sauti za bendi nyingi za magharibi ya Kenya. Benga ilipokomaa, marehemu Christopher Monyoncho na kundi lake la Riakworo Boys waliiimba kwa Ekegusii, na ndoa nyingi za wazazi wenu zilichezwa kwa gitaa zile. Nitajie mwaka wa santuri yake moja. Mtajie mwalimu wako. Mwulize mama yako, huenda yeye akakushinda.

Novemba mmoja nilihudhuria mazishi ya mzee mmoja karibu na Keroka, aliyekuwa mpigaji wa obokano tangu ujana wake. Karatasi ya ibada ilitaja wake, watoto, wajukuu, vitukuu na kanisa. Kuhusu kuzaliwa kwake iliandikwa: mwaka wa nzige. Kuhusu obokano haikuandikwa kitu. Baada ya maziko nilimwomba mwanawe anionyeshe chombo. Akanipeleka ghalani. Ngozi ilikuwa imetafunwa na panya upande mmoja, na nyuzi zilizobaki zilikuwa sita. Nikauliza mbili zimekwenda wapi. Akanionyesha kwa kidole, bila haya wala kiburi: zilikuwa zimefunga mgomba uliolemewa na mkungu wake, usianguke. Sikumlaumu, mkungu ulikuwa mzuri, na watoto hula ndizi, hawali kano. Lakini mjukuu mmoja wa marehemu, mwanafunzi kama wewe, alikuwa amesimama pale amevaa fulana yenye picha ya kundi la Queen.

Labda wewe ni mjuzi wa hoja, nawe utanijibu kwamba muziki wa mababu haukuhitaji tarehe, kwa kuwa uliishi midomoni na uliambatana na mavuno, ndoa na jando. Kwamba kuupa tarehe ni kuuvisha suruali ya kizungu. Hoja hii ni nzuri, nami niliiamini miaka mingi. Ilinitoka siku niliposoma sheria. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mtungaji hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. Sauti iliyonaswa hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliponaswa. Kwa hiyo sauti iliyonaswa mwaka 1980 italindwa hadi mwisho wa 2030. Mjane asiyeweza kuonyesha mwaka atadai nini, na kwa ushahidi gani? Redio itapiga wimbo wa mumewe asubuhi na jioni, naye atausikia akiwa anachuma chai ya mtu mwingine. Tarehe ni hati ya shamba. Wenye roki walilijua hilo mapema, ndiyo maana wakaandika.

Wala sisemi kila desturi iliyotembea na wimbo ifufuliwe. Mwezi wa Novemba na Desemba ni majira ya jando huku kwetu, na wavulana wana wimbo wao wa esimbore. Ukeketaji wa wasichana ulikuwa na nyimbo zake pia. Sheria iliukataza mwaka 2011, na ilifanya haki. Nyimbo zile ziandikwe kama yaandikwavyo mambo ya historia, na kisu kibaki kimetupwa. Mtu mwenye akili aweza kuhifadhi sauti bila kuhifadhi jeraha.

Serikali nayo nisiiruke. Tarehe 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Moi. Ikageuzwa kuwa Siku ya Utamaduni. Mwaka 2024 ikawa Siku ya Mazingira. Sina neno juu ya kupanda miti. Nasikitika tu kwamba utamaduni ulipewa siku moja katika mwaka, na kabla hatujajua tuifanyie nini, ukanyang'anywa. Kwa upande mwingine, Novemba 2014 ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hiyo ni kumbukumbu ya vuli iliyo halali kabisa, nayo ni ya Kenya, na wenyeji waliipata kwa kujaza karatasi. Haikushuka kutoka mbinguni.

Mtaniambia pia juu ya Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, ambalo shule zetu hushiriki kila mwaka. Naam, nimekaa katika kumbi zake, nikaona wasichana wa Kisii wakiimba hata mwili ukanisisimka. Lakini aghalabu mpigaji wa obokano huletwa kwa wiki mbili, hulipwa nauli, huwafundisha, na kombe likipatikana huandikwa jina la shule. Jina lake yeye limeandikwa wapi?

Sasa likizo ya Novemba inakuja. Ipo kazi ninayotaka uifanye, na haihitaji fedha za wafadhili. Chukua daftari la kurasa 32. Mtafute mpigaji mmoja, wa obokano au wa gitaa la benga, katika kata yako. Msalimu kama inavyompasa mzee, ukae chini kabla ya kuuliza. Andika majina yake kamili, mahali alipozaliwa, aliyemfunza, chombo chake kilichongwa na nani na kwa mti gani. Akisema hajui mwaka, usikate tamaa: mwulize kama ilikuwa kabla ya uhuru au baada yake, nani alikuwa chifu, mtoto wake yupi alikuwa mgongoni. Ukitoka hapo hesabu mwenyewe, uandike jinsi ulivyohesabu, ili mwingine aweze kukusahihisha. Kama ana santuri, nakili kila herufi na kila namba iliyo katika kibandiko. Mwisho tia tarehe ya siku hiyo yenyewe na jina lako.

Januari shule zitakapofunguliwa, leta karatasi yako uibandike kando ya ile ya roki. Yule kijana wa kidato cha tatu nimekwisha mwomba asogeze ya kwake kidogo, naye amekubali. Ameniomba tu nimpe jina la mzee wa kuanzia.