Butembo-Beni: Shairi bila vina nalo ni shairi

Katika miji ya Beni na Butembo, jimboni Kivu ya Kaskazini, kijana anayetaka kuandika shairi juu ya mauaji anakutana kwanza na hesabu. Masomo ya Kifaransa yalimwonyesha mstari wa silabi 12. Kiswahili cha vitabuni kinamwomba ubeti wa mistari minne, mizani 16 kila mstari, 8 kwa 8, na vina katikati na mwisho. Aliyeona kijiji chake kikiungua anahesabu vidole kabla ya kusema alichoona.

Hasara yake iko wazi. Kina kikiwa "ba", jina la Eringeti haliingii mwisho wa mstari, wala Oicha. Mwandishi anaweka "msiba". Ubeti unapendeza sikioni, lakini kijiji kimepotea. Tangu mwezi wa kumi 2014, wakaaji wa eneo la Beni wanauawa, na mara nyingi habari inabaki na hesabu ya maiti tu. Shairi lisiongeze kuficha majina.

Ubishi huu si wa leo. Mwaka 1954, Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, alichapisha sheria za kutunga mashairi, na wengi wakazifuata. Mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi, mtoto wa kisiwa cha Ukerewe, akatoa "Kichomi", mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani. Watetezi wa sheria walikataa kuyaita mashairi. Leo yanasomwa kwenye vyuo vikuu. Kezilahabi alikuwa mtu wa bara, mwenye Kikerewe nyumbani, sawa vile mtu wa Butembo anavyoanza na Kinande. Mizani ile ilikomaa pwani. Nyimbo za bara zina mwendo wake.

Hata hivyo, watetezi wa sheria wana sababu moja kubwa: vina vinasaidia kukumbuka. Huko Beni jambo hilo si dogo. Anayekimbia usiku habebi daftari. Anabeba kile kichwa kilishika. Kwa hiyo anayeacha vina hajaepuka kazi. Inamlazimu kutafuta njia nyingine ya kubaki kichwani mwa watu: neno linalorudi kama katika nyimbo za kilio, mstari mfupi ambao wasikilizaji wanaweza kuitikia, ao picha moja isiyosahaulika. Vijana wa slam wanalijua hilo, maana jukwaani wanategemea sauti na pumzi, si hesabu.

Walimu na waandaaji wa mashindano wanaweza kuanza hapo. Kabla ya kuhesabu mizani, waulize: aliyelisikia shairi hili mara moja anarudi nyumbani na nini? Anayependa vina avitumie, hakuna wa kumkataza. Lakini jina la kijiji likikataa kuingia kwenye kina, kina ndicho kiondoke, jina libaki.