Chagua kamshafti ya kushuka mlima, si ya mashindano



Katika ukurasa huu tumezoea kusoma juu ya kofia ngumu, viatu vya usalama na vumbi la mgodini. Leo naomba nafasi niseme juu ya gari. Maana mtu anaweza kutoka mgodini mzima kwa miaka 30, halafu akaumia pamoja na watoto wake siku za likizo, katika mteremko wa kwao, kwa sababu ya chuma kimoja alichokinunua kwa fedha zake mwenyewe. Chuma hicho ni kamshafti.

Wengi wetu tuliozaliwa Kirungu, tukipata likizo ndefu au pensheni, tunatafuta gari la zamani la esanse lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne: Land Cruiser ya miaka ya 1970 na 1980, au Land Rover Series III. Sababu inajulikana. Bandari ya Moba iko chini kando ya ziwa, Kirungu iko juu yake, na nyuma kuna milima ya Marungu inayopita mita 2,000. Mahindi na maharagwe yanashuka. Ndakala, chumvi na sabuni zinapanda. Na juu ya magunia wanakaa watu.

Siku injini inapochoka, mwenye gari analalamika kwamba haina nguvu tena. Hapo hakosi mtu wa kumwambia: "Weka kamshafti ya mashindano, utaona moto!" Mimi nasema: usiweke. Na sababu yangu si bei.

Kazi ya kamshafti

Kamshafti ni mhimili wenye nundu ndani ya injini. Unazunguka mara moja wakati mhimili mkubwa, ule unaosukumwa na pistoni, umezunguka mara mbili. Kila nundu inafungua supape moja: hii ya kuingiza hewa na esanse, ile ya kutoa moshi. Umbo la nundu ndilo linaloamua supape ifunguke lini, ifunguke kiasi gani na ikae wazi muda gani.

Kamshafti ya mashindano inaziacha supape wazi muda mrefu. Injini ikizunguka kwa kasi kubwa, hilo ni jambo jema, kwa sababu hewa haina nafasi ya kutosha kuingia. Lakini injini ikizunguka polepole, pistoni inaanza kupanda huku supape ya kuingiza ingali wazi, na sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia inasukumwa kurudi ilikotoka. Tena kuna kitambo ambacho supape zote mbili ziko wazi pamoja, na moshi unarudi upande wa hewa safi. Ndiyo maana gari la namna hiyo linatetemeka likisimama, na linakunywa esanse bila kwenda popote.

Sasa tuangalie barabara yetu. Injini ya Toyota aina ya 2F, yenye silinda 6 na lita 4.2, ambayo ilianza kutumika mwaka 1975, inatoa nguvu yake kubwa ya kuvuta karibu na mizunguko 1,800 kwa dakika. Waliotengeneza injini hiyo walijua itavuta mzigo kwenye matope na mawe. Nani kati yetu anapanda Kirungu na magunia kwa mizunguko 5,000? Anayeweka kamshafti ya mashindano anaondoa nguvu mahali anapoihitaji na kuiweka mahali ambapo hatafika hata siku moja.

Hatari iko katika kushuka

Hasara ya kupanda ni esanse na jasho. Hasara ya kushuka ni maisha.

Magari mengi ya namna hii yana kile chombo cha duara kinachousaidia mguu wa shofere kubonyeza breki, ambacho mafundi wanakiita mastervaki. Chombo hicho hakina nguvu yake chenyewe. Kinatumia mvuto wa hewa unaofanywa na injini pale shofere anapoinua mguu kwenye esanse. Kamshafti ya mashindano inapunguza mvuto huo wakati injini inazunguka polepole, kwa sababu ya zile supape zinazokaa wazi pamoja. Matokeo yake pedali inakuwa ngumu, na gari linachelewa kusimama.

Tena kwetu mambo yanazidi. Ziwa Tanganyika lenyewe liko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kila mtu akipanda mita 1,000, uzito wa hewa unapungua karibu sehemu moja ya kumi. Mastervaki inasukumwa na hewa ya nje; hewa ya nje ikiwa nyepesi, msaada wake unapungua. Sisi wa milimani tumekwisha kupoteza kidogo kabla ya kuwasha gari. Je, tupoteze tena kwa kupenda?

Kuna breki ya pili, ile ya injini yenyewe. Ukishuka kwa gia ndogo bila kukanyaga esanse, pistoni zinavuta mahali palipozibwa, na kazi hiyo inalizuia gari. Supape zinazokaa wazi muda mrefu zinaidhoofisha breki hiyo pia wakati injini inazunguka polepole. Kwa hiyo chuma kimoja kinapunguza breki mbili, na watu wako juu ya magunia.

Hapa nataka kuwasema mashofere wenzangu waziwazi. Wapo wanaozima injini au kuweka gia huru kwenye mteremko ili kubana esanse. Injini ikizimwa, mastervaki inabaki na akiba ya kubonyeza mara chache tu. Baada ya hapo mguu uko peke yake. Hakuna lita ya esanse yenye thamani ya mtoto.

Namna ya kuchagua

Kwanza, hakikisha kwamba kamshafti ndiyo mgonjwa. Mara nyingi udhaifu unatoka katika kabureta chafu, moto wa mishumaa uliopotea saa yake, au supape zisizopimwa. Kwa injini ya 2F nafasi ya supape, injini ikiwa moto, ni milimita 0.20 kwa kuingiza na 0.35 kwa kutoa. Pima hizo kabla ya kufungua mfuko. Halafu fundi apime urefu wa kila nundu. Ile iliyolika itaonekana mbele ya wenzake.

Pili, ikiwa imelika kweli, nunua ya umbo lile lile la kiwanda, au ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvuta kwa mizunguko ya chini. Mwulize muuzaji: inafanya kazi vizuri kati ya mizunguko mingapi na mingapi? Akishindwa kujibu, rudisha fedha mfukoni.

Tatu, usiweke tapeti za zamani juu ya kamshafti mpya. Zimekwisha kulika kwa kufuata nundu nyingine, na zitaiharibu hii mpya kwa muda mfupi. Paka grisi ya kazi hiyo, linganisha alama za gia za mbele, tia mafuta yanayofaa injini za zamani. Ukiwasha mara ya kwanza, usiiache injini ilale. Ishike karibu na mizunguko 2,000 kwa muda wa dakika 20.

Nne, kabla ya kupakia mtu, jaribu breki. Injini ikiwa imezimwa, bonyeza pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Ishike chini, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, mastervaki inapata mvuto. Isiposhuka, gari lisiondoke.

Najua vijana watasema kwamba kamshafti ya mashindano inatoa sauti nzuri. Ni kweli, na mimi pia niliwahi kuipenda sauti hiyo. Lakini wanaolisubiri gari juu Kirungu hawasubiri sauti. Nanyi akina mama, msione haya kumwuliza baba au shofere kabla ya kupanda: "Umeijaribu breki?" Mgodini tunamwuliza mwenzetu maswali ya namna hiyo kila siku, wala hakuna anayekasirika. Tuulize vilevile nyumbani.